Mkarafuu na Mchikichi: Kwa Nini Twataka Kushikana Mikono na Wakulima wa Kigoma

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wetu mkuu ujao litaletwa mbele yenu shauri la kufanya urafiki wa kazi na wakulima wa michikichi wa Kigoma na Ujiji, na kuwapeleka huko wajumbe wa chama wakaone na kuonwa. Tangu shauri hili lilipoanza kusemwa mabarazani tumesikia maneno mengi. Wako wanaouliza: sisi watu wa Pemba, tuliozungukwa na bahari, tuna nini na watu wa ziwa? Wako wanaosema kuwa nauli hiyo afadhali inunuliwe majamvi ya kuanikia. Na wako waliokubali hapo hapo kwa kuwa wanapenda safari. Hao wa mwisho hatuwaungi mkono, na wale wa mwanzo hatuwadharau. Swali lao ni la haki, na makala haya ndiyo jawabu.

NJIA YA ZAMANI

Kigoma si ugenini kwetu. Kabla ya reli kufika huko mwaka 1914, Ujiji ndiyo iliyokuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanza Bagamoyo, ng'ambo ya Unguja. Waingereza Burton na Speke walipofika ziwani mwezi wa Februari 1858 hawakufungua njia mpya. Walifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na Wanyamwezi na wafanya biashara wa pwani. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, mji ule ulikuwa umekwisha jua kanzu, sala ya jamaa na Kiswahili. Hata leo mtu wa Pemba akiswali Ujiji, akala wali kwa mgebuka, akakaa barazani kusikiliza maongezi, hajioni mgeni ila kwa kuwa maji yaliyo mbele yake hayana chumvi.

Lakini ukweli husemwa wote, hausemwi nusu. Njia ile haikuchukua pembe za ndovu na nguo peke yake. Ilichukua watu. Mikarafuu ya Unguja na Pemba ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa kwa mikono ya watu waliotolewa bara kwa nguvu, na miongoni mwao walikuwamo waliovushwa ziwa kutoka Manyema na kupitishwa Ujiji. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, alifanya biashara yake Kongo, akawa na mashamba ya mikarafuu Unguja, na huko Unguja akafa mwaka 1905. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 sheria ikaacha kuutambua utumwa. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi iligawiwa eka tatu tatu, na wengi wetu tusomao gazeti hili ni watoto na wajukuu wa waliopewa eka hizo.

Hatusemi haya ili tumlaumu mtu aliye hai. Twayasema kwa sababu mbili. Kwanza, kati ya mkarafuu na Ujiji pana damu, na palipo na damu pana haki ya kujuana. Pili, mgeni akija shambani atauliza ni nani aliyeipanda miti hii. Ikiwa mkulima hana jawabu la kweli, atajibiwa na mtu mwingine kwa hadithi ya kubuni, na hadithi hiyo ndiyo itakayouzwa.

MITI MIWILI ILIYOPISHANA NJIANI

Mkarafuu kwao ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Ulitoka huko, ukapitia Mauritius na Réunion, ukafika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Mchikichi, kinyume chake, kwao ni Afrika. Mwaka 1848 miche minne ya mchikichi ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, na kutokana na uzao wake yakaenea mashamba ya Sumatra na Malaya. Sisi tulichukua mti wao, na wao wakachukua mti wetu.

Tazameni sasa mambo yalivyo. Indonesia ni ya kwanza duniani kwa mafuta ya mawese. Kwa wingi wa karafuu vile vile ni ya kwanza, ingawa nyingi huzivuta wenyewe katika sigara zao za kretek. Na sisi Watanzania, wenye mchikichi kwa asili, twanunua mafuta ya kupikia kutoka huko huko Asia.

Walitushinda kwa nini? Si kwa jua wala mvua, maana hivyo Mwenyezi Mungu ametupa sisi pia. Wenzao wa Malaya walianza mwaka 1956 mpango ulioitwa FELDA. Watu wasio na ardhi walipewa viwanja, wakapewa mbegu bora, na kinu cha kukamulia kikawekwa karibu na shamba, ili mkungu usioze njiani. Hatusemi kwamba kila walilolifanya watu wa Asia ni jema. Misitu mingi imekatwa kwa ajili ya mchikichi, na hilo ni onyo. Lakini twajifunza hili: mkulima mdogo aliye peke yake huuza tunda, na wakulima wadogo walioungana huuza mafuta. Kidole kimoja hakivunji chawa.

HALI YA KIGOMA

Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alianzisha kampeni ya kufufua zao la mchikichi mkoani Kigoma, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu. Mchikichi wa zamani, uitwao dura, una kokwa lenye ganda nene na nyama kidogo. Ule mpya, uitwao tenera, una ganda jembamba na nyama nyingi, kwa hiyo mafuta yake ni mengi zaidi. Huanza kuzaa yapata mwaka wa tatu au wa nne. Sisi tunaongojea mkarafuu miaka sita, saba, hata minane, twajua vizuri subira ya mtu aliyepanda mche na bado hajaona tunda.

Kazi yao yafanana na yetu kuliko watu wanavyodhani. Mchikichi hupandwa na mwanamume mwenye panga, kama mkarafuu upandwavyo na mchumaji. Kazi ya chini ni ya wanawake: huko kuchemsha, kutwanga, kukamua na kuengua mafuta, huku kuchambua karafuu na makonyo na kuanika majamvini. Na kwao kama kwetu, anayefanya kazi ndefu kuliko wote siye anayeshika fedha ya mwisho.

Lakini wao wana jambo moja ambalo sisi hatuna, nalo ni ziwa lenye serikali nne. Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470, nalo ni la Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mwaka 2003 nchi hizo nne zilitia saini mkataba wa kulitunza, na mamlaka ya ziwa ikawekwa Bujumbura. Wasomaji wengine watasema mikataba ni karatasi. Basi watazame yaliyotokea mwaka 2024. Kwa kufuata makubaliano ya nchi za ziwa, Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Miezi mitatu! Fikirini nini maana yake kwa mtu wa Katonga au Kibirizi ambaye riziki yake ni taa, wavu na usiku wa giza. Dhiki ilikuwapo na manung'uniko yalikuwapo. Lakini hoja yake ilieleweka na kila mtu: samaki hajui mpaka, na ukimwacha upande huu apate kukua, jirani asipomwacha upande wa pili, umefanya kazi bure.

Hilo latuhusu sisi moja kwa moja. Karafuu nayo haijui mpaka. Bei ikitofautiana baina ya pwani yetu na pwani ya Kenya, ngarawa hutembea usiku, na magendo hayajapata kukomeshwa kwa askari peke yao. Watu wa ziwa wameanza kutafuta dawa pamoja na jirani zao. Yafaa tukawaulize imewafaa vipi, na imewauma wapi.

MGENI HUPITA NA FEDHA YAKE

Sasa tuje kwenye utalii wa mashambani, kwa sababu hapo ndipo sisi tuna la kuwafundisha wenzetu.

Kigoma ina vitu vya kumvuta mgeni. Pana Gombe, alikofika Jane Goodall mwaka 1960 kuchunguza sokwe, naye amefariki mwaka 2025 akiwa mashuhuri duniani kote. Mahali hapo pakawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Pana milima ya Mahale, iliyofanywa hifadhi mwaka 1985. Pana nyumba ya kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji. Pana habari ya meli Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa reli, ikazamishwa mwaka 1916 na wenyewe waliokuwa nayo wakati wa vita, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Lakini mgeni aendaye kwa sokwe huteremka Kigoma, hupanda mashua, huona sokwe, hurudi zake. Hupita mbele ya michikichi, mbele ya wanawake wanaoanika dagaa, mbele ya wakulima wa kahawa wa milimani, wala hatoi hata senti kwa mwenye shamba. Na sisi Pemba tu vivyo hivyo. Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000 mwaka 2024, lakini wengi wao hawavuki mkondo kuja kwetu, ingawa karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba. Kwa hiyo Pemba na Kigoma ni ncha mbili za njia moja, na zote mbili mgeni huzisikia jina tu.

Wenzetu wa Kizimbani, Kidichi na Dole huko Unguja wametutangulia. Ziara za mashamba ya viungo zimekuwa kazi kubwa. Mgeni hunusishwa jani la mdalasini, hupasuliwa kungumanga, huvishwa kofia ya makuti, na kijana hupanda mnazi huku akiimba. Ni jambo la furaha, wala hatulikebehi. Lakini uliza fedha imekwenda wapi. Mgeni amelipa mjini, kwa mwenye gari au mwenye hoteli. Dalali amechukua chake. Mwongozaji amechukua chake. Mwenye mti mara nyingi hupata bakshishi, na bakshishi si bei. Bei hudaiwa, bakshishi huombwa. Mkulima anayengoja kupewa si mwenyeji tena, bali amekuwa sehemu ya maonyesho katika shamba lake mwenyewe.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema dalali apone.

MASHARTI YA KUMKARIBISHA MGENI

Kwa hiyo twataka sisi na wakulima wa Kigoma tukubaliane masharti mamoja kabla wageni hawajawa wengi, maana mila mbaya ikishazoeleka ni kazi kubwa kuing'oa. Masharti tunayoyapendekeza ni haya.

Kwanza, kiingilio cha shamba kiwe na bei iliyoandikwa, na kilipwe kwa chama cha wakulima, si mkononi mwa mtu njiani. Mwenye gari alipwe kwa gari lake na mwenye shamba alipwe kwa shamba lake.

Pili, mwongozaji awe mkulima au mtoto wa mkulima, aliyefundishwa lugha na kufundishwa historia, pamoja na ile historia chungu tuliyoitaja juu.

Tatu, mgeni auziwe kilichotoka shambani hapo au kwa jirani mwanachama: karafuu, mafuta ya makonyo, mawese, sabuni, asali. Asiuziwe vitu vilivyonunuliwa sokoni na kubadilishwa mfuko.

Nne, asipandishwe mtu mtini kwa ajili ya picha. Mwenye kuchuma achume kwa pishi na kwa ujira wake, na mgeni atazame kazi ya kweli. Tumekwisha zika na kuuguza wachumaji wa kutosha. Tusiongeze wengine kwa ajili ya mchezo.

Tano, sehemu ya kiingilio itengwe kwa ajili ya kijiji: kisima, darasa, zahanati. Na sehemu hiyo itajwe kwa hesabu, si kwa ahadi. Majirani zetu wamefanya hivyo kwa hifadhi zao. Rwanda ilianza mwaka 2005 kutenga asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa ajili ya vijiji vya jirani, na mwaka 2017 ikaongeza ikawa asilimia 10. Uganda imeweka kwa sheria asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi. Ikiwa sokwe na nyani wanaweza kuwagawia jirani zao, mkarafuu na mchikichi utashindwaje?

Baadaye masharti hayo yapelekwe ng'ambo ya ziwa na ng'ambo ya bahari. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kongo imeingia mwaka 2022. Zambia haimo, lakini sisi nayo tumo pamoja katika Jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti chepesi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000, na mwanamke mwenye madumu yake ya mawese anayekwenda kupita Manyovu kuingia Burundi ana haki ya kukitumia, lakini haki isiyojulikana haifai kitu. Kadhalika viza moja ya watalii ilianzishwa mwaka 2014 na Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haikuwamo. Mtalii anayetaka kulizunguka ziwa lazima abishe hodi katika kila pwani. Sisi wakulima hatuna sauti ya kubadili hayo mmoja mmoja. Chama cha karafuu na cha mchikichi, cha kisiwani na cha ziwani, vikiandika barua moja, barua hiyo haitatupwa upesi.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wengine husema ng'ambo ya ziwa hakuna amani. Ni kweli, na hatutaki kuwapumbaza. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imewapokea wakimbizi wa Kongo tangu mwaka 1996, na tangu mwaka 2015 wakaja wengi wa Burundi. Ndiyo maana twasema tuanze na Kigoma na Ujiji, mahali penye salama, katika nchi yetu wenyewe. Ya ng'ambo yangoje wakati wake. Lakini tukumbuke pia kwamba mkulima wa Kigoma amekaa na wakimbizi karibu miaka 30, akagawana nao kuni na maji. Mtu wa namna hiyo ana mengi ya kutufunza juu ya ujirani.

Wengine husema utalii ni kitu cha kupita. Hilo nalo ni kweli. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, hoteli za pwani zilifunga milango na vijana wengi walirudi shamba mikono mitupu. Kwa hiyo hatumwambii mtu akate mkarafuu ajenge banda la wageni. Karafuu ni wali, utalii ni kitoweo. Mwenye wali asiye na kitoweo atalala ameshiba. Mwenye kitoweo kisicho na wali atalala na njaa. Na sote twajua kwamba mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka wa pili. Ni katika mwaka ule wa kupumzika ndipo kiingilio cha wageni wachache kitakapolipa ada ya shule.

Na wengine husema, mbona serikali isifanye? Serikali ina sehemu yake, na twaiomba iifanye. Lakini serikali haiwezi kuwa rafiki wa mkulima wa Ujiji kwa niaba yetu. Urafiki hauna wakala.

TUNALOLIOMBA

Twaomba mkutano mkuu ukubali mambo matatu. La kwanza, wajumbe wanne, wawili wao wanawake, waende Kigoma baada ya karafuu za vuli kuanikwa na kuuzwa. Wavuke kwenda Dar es Salaam, wachukue reli hadi mwisho wake, zaidi ya kilomita 1,200, wakae kwa wenyeji majumbani na si katika hoteli. La pili, gharama yake itoke katika mchango wa hiari, na fedha ya mfuko wa miche isiguswe hata shilingi moja. La tatu, wajumbe hao warudi na maandishi, yasomwe mbele ya wanachama wote: mbegu ya tenera hupatikanaje na kwa masharti gani, wanawake wa mawese huuza wapi na kwa nani, na kufungwa kwa ziwa kulikubaliwaje.

Na wakati wa kuchuma karafuu za mwaka tuwaite wao kwetu. Wapande mikarafuu yetu, waanike pamoja nasi, wanuse kijiji kizima kinavyonukia. Miaka mia na hamsini iliyopita watu wa ziwa waliletwa visiwani hawakuulizwa. Safari hii waje kwa barua ya mwaliko, walale kwenye vitanda vyetu, na warudi makwao wakiwa na mzigo wao na heshima yao.

Mwenye shauri bora kuliko hili alilete mkutanoni, tutalisikiliza. Asiye nalo, aje anyanyue mkono.



Katibu wa Chama